Mwanga Kati ya Cheni na Jino

Chuma kinarefukaje? Swali hilo lilinishinda nikiwa shule ya msingi, ingawa sidhani kama kulikuwa na mtoto mwingine Mbagala nzima aliyelihitaji jibu lake kuliko mimi. Unga uliokandwa hurefuka ukiuvuta. Mpira wa manati hurefuka. Hata fulana yangu ya michezo ilirefuka kwa kuanikwa ikiwa na maji mengi, mpaka ikanifika magotini. Lakini chuma? Chuma kilichopigwa, kikatobolewa, kikaunganishwa kiwandani huko kinakotoka, kinarefukaje kikiwa kimekaa tu kwenye baiskeli ya baba yangu?

Swali hili lilinirudia juzijuzi huko Mbweni, nyumbani kwa rafiki yangu niliyesoma naye chuo. Siku hizi anaendesha baiskeli kwa mazoezi, zile nyembamba zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Alikuwa ameipindua juu chini kwenye baraza lao la vigae. Akachukua kibati cha kupimia uchakavu, chenye ncha mbili, akakichomeka kwenye cheni. Ncha zote mbili zikazama.

"Imekwisha hii," akasema, akainua glasi yake ya juisi, akanywa.

Kwake ilikuwa taarifa tu, kama kusema sabuni imekwisha. Mie kwa muda nikawa si mtu mzima mwenye digrii na maoni juu ya kila kitu. Nilikuwa mtoto aliyechuchumaa uani kwetu, jicho moja limefumbwa, anachungulia kama kuna mwanga kati ya cheni na jino la gia.

Ngoja nikueleze tulivyokuwa tukiishi.

Baba yangu alikuwa msambazaji wa mikate. Alitoka nyumbani Mbagala alfajiri, sanduku la mbao likiwa tupu nyuma ya baiskeli, akateremka mpaka bekari ya Mwarabu mmoja kule Temeke. Huko alipakia boflo zikiwa bado zina joto, kisha akarudi nazo kuziuza kwenye maduka ya huku kwetu. Kama umewahi kununua boflo ya asubuhi iliyofungwa kwenye gazeti, unaijua ile harufu. Sie tulikuwa tunalala nayo. Ilikuwa kwenye shati la baba, kwenye nywele zake, na kwenye ule mfuko wa unga aliokuwa akiufunika juu ya mikate. Boflo zilizopondeka zilirudi nyumbani, bibi akazichovya kwenye chai ya tangawizi, akasema mkate uliopondeka ni mtamu zaidi kwa sababu umeshajua dunia.

Baiskeli yenyewe ilikuwa nyeusi, kubwa, nzito, ile ya vyuma vya breki vinavyopita juu ya usukani. Kila jioni ilikuwa na ibada yake. Baba aliisimamisha kwenye stendi uani, mimi nikaleta kopo la oili chafu tuliyopewa gereji, na unyoya wa kuku. Ndiyo, unyoya. Kila nyumba yenye baiskeli mtaani kwetu ilikuwa na unyoya wake umechomekwa ukutani. Baba alizungusha pedeli kwa mkono, mimi nikapaka oili pingili kwa pingili, mpaka cheni ikawa nyeusi na kunenepa. Tuliamini cheni isiyodondosha oili ni cheni yenye njaa. Na mchanga wa Mbagala unaujua, haukosekani: ulipeperuka, ukanata kwenye ile oili, na kesho yake tukapaka nyingine juu yake.

Hofu iliingia nyumbani siku fundi baiskeli wa mtaani alipoitwa kutengeneza breki. Alipomaliza aliishika cheni mbele kabisa ya gia kubwa, pale inapozunguka, akaivuta kuelekea kwake. Cheni ikaachana na gia. Ukaonekana mwanga kati yake na jino, mwembamba kama ukucha.

"Unaona, shemeji?" akamwambia mama, maana baba alikuwa ameingia ndani kutafuta fulana. "Cheni nzima haivutiki hivi, inang'ang'ania meno. Hii imeanza kuachia. Siku ikikatika mtu amesimama kwenye pedeli na mzigo, anaanguka na uso."

"Anaangukia wapi?" mama akauliza.

Fundi akafuta mikono. "Inategemea nini kiko nyuma yake."

Wote tulijua kilichokuwa nyuma yake. Kutoka Temeke kuja kwetu Barabara ya Kilwa inateremka hadi daraja la Kizinga, halafu inapanda. Kile kilima ndicho kilichokuwa kati ya baba yangu na sisi kila asubuhi, na alikipanda sanduku likiwa limejaa. Malori yaliyotoka bandarini yalikipanda naye. Nilikuwa nimeyaona mwenyewe, yanavyonguruma na kutetemeka, dereva hataki kupunguza mwendo kwa sababu akipunguza gari litakataa kupanda.

Bibi, aliyekuja kutoka Lindi na misemo yake yote, aliangalia ule mwanga akasema, "Chuma hakiugui siku moja." Alidhani anatutuliza. Mie nilielewa kwamba ugonjwa umeanza zamani na sisi ndiyo kwanza tunaujua.

Tangu hapo kila jioni, baada ya oili, nilivuta cheni na kuchungulia. Mama naye alivuta, akidhani simwoni. Baba alitucheka. "Nyie mnaipima cheni kama mgonjwa wa homa," alisema. "Barabara naijua, na barabara inanijua. Hamna cha kuogopa." Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. Utulivu huo haukunisaidia. Nilikuwa mtoto wa kuuliza. Mtu akiniambia hamna cha kuogopa nilitaka kujua amejuaje.

Kwa hiyo nilipima. Rula yangu ya shule ilikuwa na inchi upande mmoja, na kwenye cheni mpya iliyoning'inia kwa fundi niligundua kitu kilichonifurahisha kama siri: ukianza kwenye pini, rula inaishia katikati ya pini nyingine, sawasawa kabisa. Nikakimbia nyumbani nikaiweka kwenye ya baba. Rula iliishia kabla pini haijafika. Nikarudia. Nikasafisha oili kwa kidole nikarudia tena. Kitu ambacho hakikuweza kurefuka kilikuwa kimerefuka, na mimi ndiye nilikuwa na ushahidi mkononi.

Nilimuuliza mwalimu wa sayansi. "Mwalimu, chuma kinarefuka?" Akafurahi kweli, maana darasa zima lilikuwa linasinzia. Akasema ndiyo, kikipata joto. Akachora na reli ubaoni.

Basi, kumbe ni jua! Mchana ule baba alikuwa amerudi, baiskeli imeegeshwa uani jua linapiga. Nikachukua kanga ya bibi iliyokuwa kwenye kamba, nikailoweka, nikaifunika cheni na gia vizuri, nikaweka na matofali isipeperuke. Nilifanya hivyo kila nilipotoka shule mpaka kanga ikawa na madoadoa ya kutu.

"Nani kaivisha baiskeli kanga?" baba akauliza.

"Mwache," bibi akasema. "Anaikanda kwa maji. Mwenzio ana homa, hukusema mwenyewe?"

Wakacheka wote. Nilicheka nao kidogo. Lakini kila alfajiri nililala macho wazi nikisikiliza cheni ikitoka getini, ikilia krii, krii kwenye mchanga, kisha ikinyamaza ilipofika lami. Kuanzia hapo nilianza kufikiria: sasa anateremka. Sasa yuko bekari. Sasa anapakia. Sasa yuko darajani. Hapo ndipo nilipoacha kufikiria, nikavuta shuka mpaka kichwani. Shuleni nilikuwa nikisikia honi ya lori barabarani nasahau nilichokuwa nikiandika.

Mama ndiye aliyenunua cheni mpya. Hakusema alivyoipata, aliiweka mezani ikiwa kwenye karatasi yenye grisi, kama mtu anayeweka dawa. Fundi hakuwepo siku zile, kaenda kwao msibani, kwa hiyo baba aliifunga mwenyewe. Ilikuwa inang'aa. Niliivuta mbele ya gia kubwa na haikuachia sana kama ile ya zamani. Usiku ule nililala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau.

Asubuhi baba hakufika hata kwenye lami. Alipanda, akasimama kwenye pedeli ili atoke kwenye mchanga, na cheni ikaruka. Ilitoa sauti kama mtu anayevunja mfupa wa kuku. Mguu ukadidimia, kifua kikapiga usukani, baiskeli ikalala na yeye akalala juu yake mbele ya mlango wa jirani. Akainuka, akajaribu tena. Ikaruka tena.

Jirani, ambaye hakuwahi kukosa neno, alikuwa ameshatoka na mswaki mdomoni. "Feki hiyo," akasema. "Cheni za siku hizi wanatengenezea makopo. Rudisha ya zamani, ile ya kizamani ndiyo chuma."

Na kila aliyepita aliunga mkono. Huo ndio ulikuwa msimamo wa mtaa mzima kuhusu cheni: mpya ikiruka, ni feki, ya zamani ikilegea, inakatwa pingili inakaza tena. Baba alifanya hivyo hivyo. Akagonga pini kwa msumari na nyundo, akatoa pingili, akaunganisha, na ile cheni ya zamani ikakaa imenyooka kama haijawahi kuugua. Haikuruka hata kidogo. Mama aliiangalia cheni yake mpya ikining'inia msumarini, akarudi jikoni. Mie niliivuta ile iliyokazwa. Mwanga ulikuwa pale pale. Walikuwa wamepunguza urefu wake, lakini kila pingili iliyobaki ilikuwa imechoka vilevile.

"Baba, bado inaonyesha mwanga," nikamwambia.

"Basi usiangalie," akasema, akanishika kichwa.

Nafikiria sasa kwamba kulikuwa na hekima fulani katika jibu hilo. Wakati ule lilinitisha kuliko yote.

Sasa nikupeleke kwenye asubuhi yenyewe. Ilikuwa msimu wa mvua, shule zimefungwa. Bibi alikuwa anapeta mchele, mama anakaanga vitumbua mbele ya nyumba, na mimi nadokoa vile vilivyoungua. Muda wa baba kurudi ulishapita. Mama aliwapa wateja vitumbua bila kuwaangalia. Akaja kijana wa bodaboda kutoka upande wa barabarani, akasimama bila kuzima pikipiki.

"Mama, muuza mikate kagongwa pale kilimani."

"Muuza mikate gani?"

"Sijui. Wa baiskeli. Mikate imejaa barabarani."

Mama alisimama. Alipangusa mikono kwa kanga, taratibu, kidole kimoja kimoja, halafu akakimbia akiacha kikaango juu ya moto. Bibi aliniambia nibaki. Sikubaki. Nilikimbia peku nyuma ya mama, tukashika njia ya mkato inayopita nyuma ya nyumba, matope yakitushika miguu. Sikulia. Nilikuwa najaribu kukumbuka kama jana jioni nilipaka oili kila pingili, na nilikuwa namwomba Mungu kwa maneno ya ajabu, nikimwambia kwamba kushikilia pingili moja tu, moja, kusingemgharimu kitu.

Tulitokea juu ya kilima. Kwa chini watu walikuwa wamezunguka. Lori lilikuwa limesimama kando, taa zinawaka na kuzima. Boflo zilikuwa zimetapakaa kwenye lami, nyingine zimeloa na kuvimba, na mbwa mmoja alikuwa ameibeba moja anakwenda nayo bila haraka. Sanduku la mbao lilikuwa vipande. Niliona kiatu. Niliona kile kiatu na sikuweza kukumbuka viatu vya baba vina rangi gani.

Mama alipita kati ya watu akisema "samahani, samahani," kama mtu anayetafuta kiti. Nilimshika kanga kwa nyuma. Kwenye ukingo wa barabara kulikuwa na mtu amelala chali, mguu wake umekaa vibaya, na mtu mwingine amepiga magoti anaufunga kwa mfuko wa unga. Yule aliyepiga magoti aligeuka. Alikuwa baba.

Baiskeli yake ilikuwa kando, imesimama kwa stendi, sanduku lake limefungwa.

Aliyelala alikuwa mwenzake wa bekari, mtu wa utani sana, aliyekuwa akija kwetu Ijumaa kula pilau na kumwita bibi mchumba wake. Cheni yake ilikatika katikati ya kilima. Ilikuwa imelala kwenye lami kama nyoka aliyekanyagwa. Yeye alianguka upande wa katikati ya barabara, sanduku likapitiwa na tairi la lori, na mguu nao ukaguswa. Sanduku ndilo lililopokea sehemu kubwa ya pigo lake.

Mama alikaa chini palepale, kwenye maji. "Mbona hukutuma mtu?" akamwambia baba, na sauti yake ilikuwa ya hasira kabisa. "Mbona hukutuma mtu aseme si wewe?"

"Nimtume nani?" baba akasema. "Wote wanaokota mikate."

Yule mwenzake, uso umekuwa kama majivu, akafumbua jicho. "Shemeji, usimgombeze," akasema. "Kama ungetakiwa kuchagua kati yangu na yeye, tayari wameshakuchagulia." Halafu akaanza kutetemeka, na wanaume wakambeba.

Nilimwangalia baba mikono. Alipoona naiangalia, aliiweka mfukoni.

Wiki ile fundi alirudi. Baba alimpelekea baiskeli nzima na cheni mpya ya mama mkononi. Fundi alipoiona gia ya nyuma alitikisa kichwa. Meno yalikuwa yamechongoka kama mapezi ya papa. Akatoa gia ya mbele na ya nyuma, zote mbili, akafunga mpya pamoja na ile cheni iliyoitwa feki. Haikuruka. Ilikaa miaka, na nilipoivuta iling'ang'ania meno. Lakini niliendelea kuchungulia. Hofu ya mtoto haiambiwi kwamba kazi yake imekwisha.

Jibu la swali langu nililipata chuo kikuu, kwenye foleni ya chakula, kwa mwanafunzi wa uhandisi niliyemkamata kwa maswali mpaka akasahau sahani yake. Cheni hairefuki, alisema. Kila pini inazunguka ndani ya tundu lake, na kila siku vinasagana, hasa ukichanganya oili na mchanga, kwa sababu hiyo ndiyo dawa ya kusagia. Pini inakonda, tundu linapanuka. Upenyo ni mdogo sana, huuoni, lakini pingili ni nyingi na kila moja inachangia wake. Meno ya gia nayo yanalika yakiifuata cheni yao, mpaka vinafaana vyenyewe tu, na ukileta cheni mpya inayakataa. Nilimshukuru. Nilikwenda kukaa na sahani yangu. Cheni hurefuka kwa kupungua, na kwa unyoya ule wa kuku, kila jioni, kwa mapenzi yote, tulikuwa tunaisaga.

Siku hizi sioni unyoya ukutani kwa mtu. Mikate inaletwa na bajaji, imefungwa kwenye nailoni, haina harufu mpaka uifungue, na hata ukiifungua ni kidogo. Bekari ile ya Temeke imekuwa duka la vifaa vya simu. Barabara ya Kilwa imepanuliwa, ina njia za mabasi ya mwendokasi, na kile kilima ukikipita ukiwa umekaa kwenye kiti hutajua kama ni kilima. Nimejaribu kumwonyesha mdogo wangu, aliyezaliwa baadaye. "Kiko wapi?" akaniuliza, na nilikuwa namwonyesha kwa kidole. Bibi ameondoka na misemo yake. Zile asubuhi nilizokuwa nikivuta shuka kichwani hakuna anayezikumbuka isipokuwa mimi, na wakati mwingine nashangaa kwamba nazikumbuka kwa upendo, maana zilikuwa za kutisha. Nadhani ni kwa sababu kila moja iliishia na cheni ikilia krii, krii kwenye mchanga wetu, mtu anarudi.

Baba alifariki kwa maradhi, kitandani, sisi tukiwa tumemzunguka. Msibani alikuja yule mwenzake wa bekari, mzee sasa, anatembea kwa fimbo. Nilimpelekea kahawa kwenye jamvi. Alikuwa anawahadithia wanaume, akanivuta mkono nami nisikie.

"Unajua baba yako tulikuwa tunamwitaje? Bwana Harusi."

"Kwa nini, baba mdogo? Shikamoo, samahani."

"Marahaba. Kwa sababu kile kilima hakukipanda akiwa juu ya baiskeli hata siku moja. Akifika darajani anashuka. Anaishika baiskeli hivi, kiunoni, anatembea nayo pembeni kabisa mpaka juu, taratibu, kama anampeleka bibi harusi ndani. Sie tunampita kwa pedeli, tunampigia vigelegele. Siku niliyogongwa mie nilikuwa ndiyo kwanza nimempita, na nilikuwa nageuka nimcheke."

Wanaume wakacheka kidogo, kicheko cha msibani.

"Alianza kushuka cheni ilipochakaa?" nikamuuliza.

"Cheni gani, mwanangu? Tangu siku ya kwanza. Hata ikiwa mpya. Baba yako alikuwa anaogopa malori kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua."